Spana Moja Pungufu

Sikuwahi kuamini kwamba Concorde itaruka tena, na niliwaambia hivyo siku ya kwanza nilipofika bandani kwao. Wakanicheka. Wazee sita wenye mvi, wameketi juu ya ndoo za rangi zilizopinduliwa, kwenye banda la mabati karibu na kiwanja cha zamani cha ndege huko North York, mjini Toronto, wananicheka mimi, mwanamke niliyefanya ufundi wa ndege Nairobi miaka kumi na minne. Niliudhika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni faida ya kulificha jambo hilo hapa.

Walichokuwa nacho hakikuwa hata ndege. Kilikuwa pua tu. Pua ya ndege ya abiria iliyokuwa ikienda kasi kuliko sauti, imekatwa nyuma ya viti vya marubani na kulazwa juu ya kitanda cha chuma. Ndege hizo zilistaafishwa zamani, na zilizobaki zimesimama kwenye makumbusho watu wanazipiga picha. Pua hii ilikuwa imepita mikononi mwa wakusanyaji kadhaa wa vitu vya kale hadi ikawafikia wazee wangu. Ilikuwa ndefu na nyembamba, na ilikuwa na ufundi mmoja ambao ukishauelewa huachi kuuwaza: inainama. Ndege ikiwa angani, pua imenyooka. Ikikaribia kutua, pua inashuka ili rubani aione njia iliyo mbele yake. Isiposhuka, anatua kama kipofu. Kazi yote hiyo hufanywa na mafuta yanayosukumwa kwa presha kubwa ndani ya mabomba, na mabomba ya mafuta ndiyo niliyoyasomea.

Mkuu wao, ambaye nitamwita mzee tu, nilimjua kazini. Canada haikuitambua leseni yangu, kwa hiyo nilikuwa mhudumu katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Scarborough, nikiosha watu, nikiwalisha, nikiwageuza upande wa pili. Mke wake alikuwa anaishi pale. Siku moja kitanda cha mkewe kiligoma kupanda. Tukamwita fundi, fundi akasema kesho. Nikapiga magoti, nikafungua kifuniko, nikatoa hewa iliyokwama kwenye bomba, kitanda kikapanda. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa akinitazama usoni, alikuwa akiitazama mikono yangu.

"Umejifunza wapi hayo?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Uingereza.

Nikamweleza. Akaniambia kwamba ujanani alikuwa fundi wa kufunga pua za Concorde kiwandani huko kwao. Akaniandikia anwani ya banda kwenye kipande cha karatasi, nami nikaenda Jumamosi iliyofuata. Nilijidanganya kwamba naenda kuangalia tu.

Ndoto yao ilikuwa hivi. Ng'ambo kulikuwa na kundi la watu waliokuwa wakikusanya vipuri ili waifufue ndege moja kati ya zile na kuirusha tena. Wazee wangu walitaka pua yao iwe sehemu ya ndege hiyo. Niliwaambia ukweli ninaoujua: mpira wa kuzuia mafuta huzeeka hata ukikaa kabatini, mafundi waliojua kazi wanakufa mmoja mmoja, na hata mkiipata ndege nzima, ni nani atakayewapa kibali cha kuirusha?

"Na wewe ni nani atakayekupa leseni?" mzee akaniuliza. "Lakini kila Jumamosi unakuja."

Aliniweza. Nilichukua spana nikarudi kazini.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyenipokea nyumbani kwake nilipofika nchi hii, hakuelewa kabisa. "Wee, Jumamosi yako yote unaimaliza kwa pua ya ndege iliyokufa?" alikuwa akisema. "Si uchukue overtime kama watu wengine?" Ukweli ni kwamba banda lile ndilo lilikuwa mahali pekee Toronto nzima ambapo mtu aliniita fundi.

Sasa niieleze kanuni ya banda, kwa sababu mambo yote yaliyotokea yalitoka hapo. Ukutani kulikuwa na ubao mweupe, na kila chombo kilikuwa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu. Vyombo arobaini na kimoja, maumbo arobaini na moja. Ukiondoa spana, umbo lake linabaki linakukodolea macho. Jioni, kabla ya kufunga mlango, watu wawili wanahesabu na kutia sahihi kwenye daftari kwamba vyote vipo. Kabla ya kupandisha presha, wawili tena. Kikipungua kimoja, hakuna kinachosogea mpaka kionekane. Spana iliyosahaulika ndani ya pua inaweza kukwama katikati ya vyuma vinavyotembea, na hapo lazima kitu kivunjike. Kama si chuma, ni mkono wa mtu. Mzee ndiye aliyeiandika kanuni hiyo, na alikuwa mkali nayo kuliko mtu yeyote.

Karakana niliyotoka mimi haikuwa na ubao. Kila fundi alikuwa na spana zake. Jioni unazifuta, unazifunga kwenye kitambaa, unazitia begini na kwenda nazo nyumbani, maana spana iliyolala kazini haikuwa na hakika ya kuamka hapo. Bandani spana hazikuwa za mtu. Zilikuwa za ubao. Nilizoea upesi, au nilidhani nimezoea.

Mtu mwingine anayenihusu hapa ni ndugu mmoja wa Bukavu, Kongo, anayeishi mtaa wa Mount Dennis na familia yake. Tunasali naye kanisa moja, ibada ya Kiswahili ya mchana. Kwao alikuwa mchomeleaji vyuma. Hapa anafanya kazi kiwandani, anapanga masanduku kwenye mkanda unaotembea. Mimi ndiye niliyemleta bandani, kwa sababu nilimwona anavyoitazama milango ya chuma ya kanisa na kupitisha kidole kwenye maungio. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo wazee walimpa kufagia, kushika taa na kusukuma pampu. Hakuruhusiwa kutia sahihi. Alikuwa akifika mapema kuliko wote, na kabla hajashika ufagio alipita mbele ya ubao akigusa kila chombo kwa kidole, midomo inachezacheza. Nilidhani anasali. Baadaye nikajua anahesabu.

Mwaka jana majira ya kuchipua wenye kiwanja wakatuambia banda litabomolewa, wanajenga maghorofa. Pua haikuwa na pa kwenda. Mzee akawaandikia wale wa ng'ambo, barua juu ya barua, hadi wakajibu kwamba mtu wao atapita Toronto Jumapili fulani, ana saa mbili tu kabla ya kwenda kupanda ndege. Akiiona pua inashuka na kupanda kwa mabomba yake yenyewe, wataichukua. Isiposogea, hawana haja nayo. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshakuja kuipima.

Wiki hizo tulifanya kazi kama watu wenye moto nyuma yao. Mzee alikonda. Mkewe alikuwa hamtambui tena, na akitoka kumwona anakuja moja kwa moja bandani, macho mekundu, anauliza, "Bomba la kushoto vipi?" Nikawa simjibu vibaya tena. Nilianza kuitaka ile pua isogee kwa namna iliyoniogopesha mwenyewe. Nilikuwa sitaki mtu mwingine aambiwe kwamba anachokijua hakina kazi tena.

Jumamosi, siku moja kabla ya mgeni, nilikaza nati ya mwisho kwa ile spana ndogo kuliko zote, isiyozidi urefu wa kiganja. Nilitazama saa. Basi langu la Scarborough lilikuwa linapita baada ya dakika saba, na likinipita ningechelewa zamu ya jioni, jambo ambalo nilikuwa nimeshaonywa mara moja. Nikaanza kukimbilia ubaoni.

"Nenda," mzee akasema. "Nitahesabu mimi. Weka sahihi yako tu."

Nikatia sahihi bila kuhesabu. Nikalivuta begi langu msumarini, nikakimbia.

Kesho yake nilifika saa tatu asubuhi. Ndugu wa Bukavu alikuwa ameshafagia na kupanga viti. Wazee walikuwa wamevaa mashati ya kupiga pasi. Mgeni alikuwa amefika kabla ya wakati, kijana wa suti, mpole, anaizunguka pua mikono nyuma. Mzee alikuwa anamweleza mambo, sauti inapanda na kushuka kwa furaha.

Ndugu wa Bukavu akanivuta kando, karibu na ubao.

"Mama," akaninong'oneza, "angalia hapa. Moja haiko."

Nikatazama. Umbo la ile spana ndogo lilikuwa tupu, jekundu, linanitazama. Nikachungulia chini ya meza, nikafungua sanduku la matambaa, nikapapasa juu ya kitanda cha chuma. Hakuna kitu. Mzee akaniita kwa furaha nije nitie sahihi, pampu iko tayari.

"Spana moja haipo," nikasema.

Mzee akaja akasimama mbele ya ubao. Akalifungua daftari, akaweka kidole kwenye ukurasa wa jana. Palikuwa na sahihi mbili, yangu na yake.

"Jana jioni zilikuwa zote," akasema.

"Ulihesabu?"

"Sahihi yangu si hiyo hapo?"

Nilitaka kusema kwamba mimi sikuhesabu. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Mgeni alikuwa ametukaribia, na kwa upole wake akasema kwamba anafurahi kuona mtu mwenye macho makali kiasi hicho, kwamba huko kwao wanawatafuta watu wa namna hiyo. Alikuwa ananiambia mimi. Ndugu wa Bukavu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, na Kiingereza chake kilitosha kuelewa maneno hayo. Akanitazama, akingoja niseme kwamba si mimi niliyeiona. Sikusema.

"Spana ile haimo ndani ya pua," mzee akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Tia sahihi."

"Kama haimo ndani, iko wapi?"

"Sijui. Lakini haimo."

"Kanuni umeiandika wewe."

Uso wake ulikuwa umepauka. Nilijua ninachomwomba. Nilijua ana saa mbili, na kwamba baada ya hapo hana kitu. Lakini pua ile ina uzito wa kumponda mtu, na mmoja wetu alitakiwa kusimama chini yake kushika bomba la kurudishia mafuta. Nikaweka kalamu mezani. Nilikuwa na hakika kabisa.

Tukafungua vifuniko. Kimoja baada ya kingine, kwa taa na kioo cha kuchungulia, tukitafuta spana ya urefu wa kiganja katika matumbo ya chuma yenye kona mia. Nusu saa ikapita. Saa moja. Mgeni akatazama saa yake mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Mikono ya wazee ilikuwa inaangusha skrubu, na kila skrubu iliyoanguka tuliitafuta nayo.

Ndipo mmoja wao, mwenye kofia ya sufu, akasema, bila kumtazama mtu, "Nani alikuwa wa kwanza kufika leo?"

Kila mtu alijua. Kama jana zilikuwa zote na leo moja haipo, basi imetoka kati ya jana na leo, na aliyekuwa peke yake bandani asubuhi alikuwa mtu mmoja. Hesabu hiyo ilikuwa safi. Hata mimi niliifanya. Nasema wazi kwa sababu ndiyo sehemu inayonichoma zaidi: mimi, niliyemleta, niliyeonyeshwa na yeye pengo lile, kwa kitambo kifupi nilijiuliza kama ana shida ambayo hakuniambia.

Hawakumwambia afungue. Walimtazama tu. Yeye akaelewa. Akaenda akalichukua begi lake, akaliweka kwenye meza ya kazi, akatoa kitu kimoja kimoja na kukipanga kwa mstari: bakuli la ugali na sombe, mboga ya kwao ya majani ya muhogo, glavu za kiwandani, soksi kavu, Biblia ndogo, kadi ya basi. Akaligeuza begi juu chini akalikung'uta. Makombo ya mkate yakaanguka.

"Sikukamata kitu, Mama," akaniambia kwa Kiswahili. "Weye unanijua."

Nikawatafsiria kwamba hakuchukua. Hayo tu. Sikuwaambia kwamba yeye ndiye aliyeliona pengo. Kwenye msumari nyuma yangu begi langu lilikuwa limening'inia, na hakuna aliyeligusa, kwa sababu mimi ndiye niliyesimamisha kazi.

Saa tano mgeni akampa mzee mkono, akasema anasikitika, akaondoka. Gari lake lilipotoweka, mzee aliketi juu ya ndoo na kukaa hivyo, mikono imelegea magotini. Ndugu wa Bukavu alirudisha vitu vyake begini, akaegemeza ufagio ukutani, akatoka bila kuaga. Kanisani mchana ule hakuonekana.

Jumatatu mchana, kazini, niliingia chumba cha kubadilishia nguo ili nivae viatu vya zamu. Jumamosi nilivichomoa na kuvirudisha kwa haraka; sasa kimoja kilikuwa kimezama chini kabisa ya begi. Nikaingiza mkono, nikagusa kitu kigumu ndani ya kitambaa.

Nilijua kabla sijakifungua. Kitambaa kilikuwa kimefungwa jinsi tulivyokuwa tukifunga Nairobi, pembe mbili ndani, pembe mbili juu. Ndani yake ile spana ndogo, imefutwa vizuri, haina hata tone la mafuta. Sikumbuki kuifuta. Sikumbuki kuifunga. Nilikuwa na haraka ya basi, na mikono ikafanya ilichofanya kila jioni kwa miaka kumi na minne bila kuniuliza.

Niliketi sakafuni. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa jema, na sitalipamba. Nilifikiri kwamba nikiitupa kwenye pipa la nepi zilizotumika hapo nje, hakuna atakayejua milele. Jambo la pili lilikuwa kwamba naweza kuidondosha nyuma ya sanduku la matambaa na kuiokota mbele ya watu, nishangilie. Nililipanga hilo hadi maneno nitakayosema. Kisha nikaona lile bakuli la sombe mezani, na nikaona aibu hata nikaufunika uso kwa aproni.

Mzee alikuja kumwona mkewe Jumanne alasiri. Nilimsubiri kwenye ujia, nikaifungua ngumi. Aliitazama spana muda mrefu.

"Ilikuwa kwako."

"Ndiyo. Jumamosi. Nilitia sahihi bila kuhesabu."

"Kwa hiyo haikuwa ndani. Tungepandisha presha, pua ingeshuka."

"Ingeshuka."

Nilidhani atanipigia kelele. Ningependa anipigie, nami nimjibu. Badala yake aliegemea ukuta. "Na mimi sikuhesabu," akasema. "Niliandika sahihi nikiwa nimeshika funguo za gari. Nilikuwa nawaza mgeni. Asubuhi ulipouliza, ningeweza kusema. Nilitaka isogee." Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Ulifanya sawasawa kukataa. Lakini usitegemee nikushukuru leo."

"Sitegemei."

Tulikwenda Mount Dennis pamoja jioni ileile kwa gari lake, jua bado lipo, hatuongei. Mke wa ndugu yule alitufungulia, akatukaribisha, akaweka chai na maandazi. Ndugu mwenyewe aliketi sebuleni, kwenye kiti kinachotazama dirisha. Nikaweka spana juu ya meza ndogo, nikamweleza kila kitu kwa Kiswahili, pamoja na nilichokinyamazia. Mzee akasema yake kwa Kiingereza, nikayatafsiri yote bila kupunguza.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakuigusa spana.

"Sakoshi yangu mulifungua mbele ya batu," akasema, akimaanisha begi lake na watu wa bandani. "Ya kwenu munakuja kufungulia hapa, kwa salon, tukikunywa chai?"

Nikarudisha andazi kwenye sahani.

"Asante kwa kuja," akaendelea, na hakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Lakini muje museme mbele ya batu bale bale."

Nikamtafsiria mzee. Akatikisa kichwa kukubali, akanywa chai yake yote ingawa ilikuwa na sukari nyingi kuliko anavyoweza.

Tulikutana bandani Jumamosi. Mzee alikuwa amewapigia simu wale wa ng'ambo, nao wakamjibu kwa upole kwamba wameshapata pua nyingine. Lori la vyuma chakavu lilikuwa linakuja Jumatatu. Hakuna chochote tulichokwenda kukiokoa. Wazee walifika wote kwa sababu mzee aliwaambia kila mmoja lazima awepo, na ndugu wa Bukavu akaja wa mwisho safari hii, na shati la kanisani, begi begani.

Nililiweka begi langu kwenye meza ileile. Nikatoa kitu kimoja kimoja na kukipanga: viatu vya zamu, aproni, chupa ya chai, mafuta ya mikono, kitambaa. Nikafungua kitambaa. Nikasema kwa Kiingereza kwamba spana nilikuwa nayo mimi, na kwamba aliyeliona pengo hakuwa mimi, alikuwa yeye, na nilipokea sifa zake nikanyamaza. Kisha nikayarudia kwa Kiswahili ili ayasikie kwa lugha asiyohitaji kuikisia. Mzee akafungua daftari ukurasa wa ile Jumamosi, akaligeuza ili wote waone, akasema, "Sahihi hii ni ya uongo."

Yule mwenye kofia ya sufu alikuwa anatazama viatu vyake. Akavua kofia, akasema neno moja la samahani ambalo halikusikika vizuri, akalirudia kwa nguvu.

Ndugu wa Bukavu alichukua spana mezani, akaitundika mahali pake, akaanza kuhesabu. Safari hii hakuhesabu kimyakimya. Alihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwao, akigusa kila chombo kwa kidole, na wazee sita wasiojua Kiswahili wakasimama wima wakifuatisha kidole kile. Alichukua muda wake wote.

"Makumi ine na moja," akamaliza.

Mzee akamsogezea daftari na kalamu. Ndugu hakuishika kalamu. Alitutazama mmoja mmoja.

"Na sakoshi," akasema.

Nikatafsiri, ingawa nadhani walishaelewa. Yangu ilikuwa tayari wazi mezani. Mzee akaweka mkoba wake wa ngozi kando yake, akaufungua, akaugeuza juu chini. Wa pili akafuata. Mwenye kofia alikung'uta mifuko ya koti, ya ndani na ya nje, hadi peremende zikaviringika sakafuni na hakuna aliyecheka. Meza ikajaa miwani, leso, dawa za presha, funguo. Tulipomaliza, begi moja tu lilikuwa limebaki limefungwa, na hakuna aliyelitazama.

Ndipo akatia sahihi, taratibu, jina lake lote. Mimi nikatia yangu chini ya yake. Mzee akalishika bomba la kurudishia mafuta, na ndugu wa Bukavu akaenda kwenye pampu, akaanza kusukuma. Presha ilipanda. Chuma kikalia mara moja, tukazuia pumzi, kisha pua ile ndefu ikaanza kushuka polepole mbele yetu, sawasawa kabisa, hadi sisi tuliosimama nyuma yake, kupitia kwenye vioo vya marubani, tukaona mlango wa banda, uwanja, na njia yote iliyo mbele. Mzee alikuwa analia wazi. Ndugu wa Bukavu aliendelea kusukuma bila kugeuka, begi lake begani, limefungwa.